Tua mzigo, lakini kwa muda gani?

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Hapana, bado nipo. Nilikuwa Tabora kwa shangazi yangu, na huko nilikutana na kazi ya makaratasi iliyonila likizo nzima. Leo nataka kuwasimulia kazi hiyo, lakini siwezi kuisimulia bila kurudi nyuma zaidi ya miaka 160. Kwa hiyo tafuteni chai.

Shangazi ana nyumba mjini Tabora. Ni nyumba ya kawaida: vyumba vinne, miembe miwili, na banda la uani lenye wapangaji wawili. Waliijenga yeye na marehemu mume wake kwa mishahara ya ualimu, tofali kwa tofali. Hati yake ameiweka kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la bati, pamoja na cheti cha ndoa na picha za mazishi. Mimi ndiye mwandishi wa ukoo, kwa hiyo kila karatasi yenye muhuri huletwa kwangu, hata ya hospitali. Akanipa bahasha na kusema, "Mwanangu, hebu nisomee hii, macho yangu siku hizi yananidanganya."

Nikasoma. Haki ya kumiliki ardhi, kipindi cha miaka thelathini na mitatu, kuanzia tarehe 1 Julai 1994. Nikapiga hesabu kwenye simu, ingawa ni hesabu ya darasa la tatu. Tarehe 30 Juni 2027.

"Inaisha, shangazi."

"Nini kinaisha? Nyumba?"

Nikajaribu kumweleza tofauti ya nyumba na ardhi, na tofauti ya kumiliki na kumilikishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akauliza swali lililonitoa jasho. Akasema: baba yako mdogo yuko Tura, hakumaliza hata la saba, hana karatasi yoyote, na shamba lake halina tarehe ya kuisha. Mimi nimesoma, nimepimiwa kiwanja, nimelipia, nimepewa hati yenye muhuri, halafu mimi ndiye niliyewekewa tarehe. Hiyo ni akili gani?

Sikuwa na jibu. Kesho yake alfajiri nikapanda basi kwenda Tura kumsalimia baba mdogo, na njiani nikawa nalitafakari lile swali.

Kwa wasioijua, Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, ukielekea Singida. Leo mtu anaweza kupita akiwa amelala kwenye kiti cha basi. Lakini kabla ya lami na kabla ya reli, jina hili lilikuwa mdomoni mwa kila mpagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Ukishamaliza Ugogo ulikuwa unaingia Mgunda Mkali, pori refu ambalo maji yake ni ya kubahatisha. Ukitoka hai upande wa pili, mashamba ya kwanza ya Unyamwezi unayoyaona ni ya Tura. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwishoni mwa 1857, na Burton aliandika kwamba jina lenyewe ni amri: weka chini! Yaani mzigo. Msafara ukifika hapo, anasema, lazima ucheleweshwe siku kadhaa, utoke mashariki au magharibi.

Ni rahisi kuelewa kwa nini. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Tura kwao ulikuwa mlango wa nyumbani. Mtu ametembea miezi na pembe ya ndovu au robota la nguo begani, sasa anaona mtama wa kwao, nani atamwambia aondoke kesho?

Lakini kutua mzigo hakukuwa sawa na kukaa. Msafara ulitua kwa ruhusa. Kiongozi wake alimwona mwenye nchi, akatoa hongo (neno hili zamani halikuwa na aibu liliyonayo leo, lilikuwa ushuru tu), akaonyeshwa pa kulala na pa kuteka maji. Na aliyetaka kubaki, akalima, akajenga, alikwenda kwa mwanangwa, na mwanangwa alikuwa chini ya mtemi. Hakuna aliyeuza ardhi. Mgeni alipewa mahali, na mahali pakawa pake kwa kadiri anavyopatumia na anavyopatana na waliompa. Akihama, pori linajirudia, na mahali panarudi kwa wenyewe. Kwa lugha ya leo tungesema masharti yalikuwepo na mmilikishaji alikuwepo, ila tarehe ya kuisha haikuandikwa.

Sasa fuata njia kutoka Tura, pita Rubuga, pita Kigwa, ufike Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Ndipo Tabora ya leo ilipozaliwa. Burton aliambiwa kuwa wafanyabiashara wa Kiarabu walihamia hapo karibu mwaka 1852. Miongoni mwao alikuwa Snay bin Amir, aliyewapokea wale Wazungu wawili kwa ukarimu mkubwa, na pia palikuwa na Mhindi mmoja, Musa Mzuri. Hawakuwa wengi. Burton anasema Waarabu wakazi wa Unyanyembe mara chache walizidi 25. Lakini walijenga kama watu wanaokusudia kukaa: tembe kubwa zenye kuta nene na dari la udongo, nyua za ndani, ghala, bustani za mboga na miti ya matunda waliyoileta kutoka pwani.

Tuulize kile ambacho shangazi ameuliza. Zile tembe zilikuwa zao, sawa. Ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya nani?

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alijua jibu, na kwa muda mrefu hakuhitaji kulisema kwa sauti. Wageni walimletea biashara, naye aliwaacha wakae bila kuwatoza ushuru. Wenye akili walitafuta kitu imara zaidi kuliko ruhusa. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Mtu anayeingia ikulu kama mkwe (na neno ikulu tumelichukua kwa Wanyamwezi hao hao) haulizwi kila mwaka utakaa mpaka lini.

Fundikira alipofariki karibu mwaka 1858, wafanyabiashara walimsaidia Mnywa Sele kukikalia kiti. Bila shaka walidhani wamejiwekea mtu wao. Mnywa Sele alipokaa akatangaza kuwa bidhaa zinazoingia nchini mwake zitalipiwa ushuru. Waarabu wakakataa. Wakasema hawajawahi kulipa. Yeye akawaambia yeye ndiye mwenye nchi, na kama hawataki sheria zake waende kwingine. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka, maana ni maneno ya mwenye nyumba yeyote wa Kariakoo akipandisha kodi. Ila wapangaji hawa walikuwa na bunduki. Wakamfukuza mwenye nyumba, wakamweka mwingine, Mkasiwa.

Mwanzoni mwa 1861 Speke alirudi kwa safari yake ya pili, na katika nchi hii hii ya Mgunda Mkali, kabla ya kufika Tura, alikutana na Mnywa Sele akiwa mfalme wa porini mwenye wafuasi wachache. Mnywa Sele alimsimulia yote na kumwomba ampatanishe na watu wa Kazeh. Haikuwezekana. Vita viliendelea, njia ikafungwa mara kwa mara, vijiji vikachomwa, na Snay bin Amir, yule mwenyeji mkarimu, akauawa mwaka huo huo wa 1861. Mnywa Sele naye aliuawa karibu 1865. Watu wanaviita vita vya biashara, na ni kweli. Mimi nikiviangalia naona pia mgogoro wa masharti ya kukaa: nani anaweka kodi, nani anaruhusiwa kuibadilisha, na mtu aliyejenga nyumba nzuri juu ya ardhi ya mwenzake ana haki gani mwenzake akibadili mawazo.

Waliokuja baadaye walilijibu swali hilo kwa njia yao. Huko pwani, ambako njia hii inaanzia, Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na kampuni ya Kijerumani tarehe 28 Aprili 1888, akiikodisha mwambao na ushuru wake kwa miaka 50. Miaka hamsini! Ukihesabu ingeisha 1938. Kampuni ilipoanza kushika bandari Agosti mwaka ule ule, watu wa pwani wakaongozwa na Abushiri kuikataa. Mwaka 1890 serikali ya Ujerumani ikamaliza shauri kwa kuununua mwambao wote kwa marki milioni 4. Nadhani hiyo ndiyo hati iliyoisha haraka kuliko zote katika historia yetu: ya miaka 50, ikadumu miwili, na mpangaji akaondoka na nyumba.

Mwaka huo huo wa 1890 Emin Pasha alifika Tabora na kupandisha bendera ya Kijerumani kwa makubaliano na Waarabu wa mji. Mnaona hapo? Mpangaji ndiye aliyetia sahihi. Mwenye nchi, mtemi Isike, alikuja kusikilizwa kwa mizinga. Januari 1893, boma lake lilipozingirwa na askari wa Tom von Prince, Isike aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani.

Baada ya hapo mambo yakawa ya karatasi. Tarehe 26 Novemba 1895 Wajerumani walitangaza kuwa ardhi yote ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Na nani ana mwenyewe? Mwenye kuweza kuthibitisha. Waingereza nao, kwa sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, wakaweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana, na wakaleta kitu kinachoitwa haki ya kumiliki: haki ya kutumia na kukalia ardhi kwa muda, usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 wakaongeza kuwa mwananchi anayeshika ardhi kwa mila naye anahesabiwa kuwa na haki hiyo. Angalia vizuri, ndugu msomaji, maana jibu la shangazi linaanzia hapa. Kuanzia 1928 nchi ilikuwa na watu wa aina mbili juu ya ardhi moja. Kuna aliyepewa kwa barua na anayehesabiwa kwa mila. Wa barua ana tarehe. Wa mila hana tarehe, lakini hana pia barua.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilitoa pendekezo la kuwaruhusu Waafrika kumiliki ardhi moja kwa moja, bila ukomo, kuuza na kununua kama shati. Ungedhani TANU ingefurahi. Ikakataa. Nyerere aliandika mwaka huo makala yake ya Mali ya Taifa, akieleza hofu yake: ukiifanya ardhi bidhaa, wachache wenye fedha watainunua, na wengi watageuka wapangaji katika nchi yao wenyewe. Kumbuka mwaka wenyewe. Januari 1958 ndipo TANU ilikutana Tabora na kuamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu. Na Nyerere mwenyewe alisoma Tabora na kufundisha Tabora. Siwezi kuthibitisha kwamba Unyamwezi ulimfundisha lolote kuhusu ardhi, lakini habari za Mnywa Sele na Kazeh hazikuwa siri mji ule.

Uhuru ulipokuja alifanya alichosema. Mwaka 1963 umiliki wote wa kudumu uliorithiwa kutoka enzi za Wajerumani ukageuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Mwaka 1969 ikatungwa sheria ya kuugeuza upangaji huo kuwa haki ya kumiliki, kama ya watu wengine. Jumlisha 99 juu ya 1963 upate 2062. Wajukuu wa baadhi yetu watakuwa na kazi mwaka huo. Kisha Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambayo wenyewe waliyapangisha. Yaliyozidi miaka kumi hayakulipiwa fidia. Yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na baadaye, 1990, kwa Shirika la Nyumba la Taifa. Sitaingia kwenye ubishi wa 1971 leo, una makala yake. Ila kwa watu waliozaliwa kabla yangu mwaka ule uliacha funzo la mtaani, kwamba hata tarehe iliyoandikwa kwenye hati si ahadi ya mwisho.

Sheria tunayoishi nayo leo ni ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Ilitanguliwa na tume ya Profesa Issa Shivji iliyozunguka nchi 1991 na 1992 kusikiliza watu. Inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kuna ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Mjini, kwenye ardhi ya jumla, unapewa haki ya kumiliki kwa muda, 33, 66 au 99 ndiyo namba tulizozoea. Kijijini unaweza kupewa haki ya kimila, nayo raia anaweza kuwa nayo bila ukomo. Wale wa Dar walio kwenye makazi yasiyopimwa wanajua ndugu wa tatu, leseni ya makazi, iliyoanza na miaka 2 tu na baadaye kufika 5. Kwa hiyo shangazi hakukosea hata neno moja.

Wengi mnaosoma hapa hamna kiwanja Tabora, najua. Mna ndoto ya fleti. Rafiki yangu amenunua moja Dar es Salaam mwaka jana, akanitumia picha za jiko, za lifti, za bahari kwa mbali ukisimama kwenye ncha ya vidole. Nikamuuliza: kiwanja cha hilo ghorofa kimebakiza miaka mingapi? Kimya. Hakuwahi kuuliza. Tangu sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo unaweza kupata hati ya fleti yako peke yako, na hilo ni jambo zuri, lakini fleti haiwezi kuishi zaidi ya ardhi iliyoibeba. Kama kiwanja kilimilikishwa kwa miaka 33 na ujenzi na kesi vimekula kumi na tano, umenunua miaka kumi na minane yenye mandhari ya bahari. Na siku ya kuomba muda mpya mtakuwa wenye fleti arobaini, kumi na mbili wako ughaibuni, watatu wamefariki na mirathi haijafunguliwa.

Msidhani ni shida ya Bongo pekee. Uingereza, walikotuletea utaratibu huu, fleti nyingi zinauzwa hivyo hivyo, kwa miaka, na miaka ikipungua bei inapungua. Sheria ya 1993 iliwapa wenye fleti haki ya kudai nyongeza ya miaka 90 kwa malipo. Sheria iliyopitishwa 2024 imeandika 990 badala ya 90. Jirani zetu Kenya walirithi mikataba ya walowezi ya miaka 99 na mingine ya 999. Agosti 2004 Wamaasai wa Laikipia walidai ardhi yao, wakisema miaka 100 tangu mkataba wa 1904 imetimia. Serikali ikawajibu kuwa mikataba ya mashamba yale ni ya miaka 999, na polisi wakatumwa. Katiba ya Kenya ya 2010 ndiyo iliyosema asiye raia hawezi kuwa na zaidi ya 99. Unaona jinsi tarakimu moja zaidi ya 9 inavyoweza kuwa nchi nzima?

Haya, nirudi Tura, maana basi limefika na baba mdogo ananisubiri chini ya mwembe.

Shamba lake ni zuri: mahindi, karanga, kipande cha tumbaku, mizinga ya nyuki huko porini. Nikamwambia dada yake anamwonea wivu kwa kukosa tarehe. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, unajua hili ni shamba la ngapi? La kwanza la baba yao, babu yangu, halipo hapa. Waliliacha wakati wa vijiji. Waliambiwa wahamie palipopangwa, wakahama, miembe ya babu ikabaki peke yake porini. Hakukuwa na tarehe ya kuisha, anasema, ndiyo maana hatukujua kama imefika.

Nikanyamaza. Kwa watu wa rika letu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ni aya moja kwenye kitabu cha historia. Kwa baba mdogo ni jibu la swali la shangazi. Haki isiyo na tarehe inaweza kuisha Jumanne yoyote. Ilichukua muda mrefu mahakama kuliweka sawa: bunge lilipopitisha sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, mzee mmoja wa Mbulu, Lohay Akonaay, alikuwa na kesi ya shamba lake, ikafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakasema haki ya kimila ni mali kama mali nyingine, inalindwa na katiba, haifutwi bila fidia ya haki. Baba mdogo hajawahi kumsikia Akonaay. Nilimsimulia, akasema, "Huyo angekuja na huku."

Kisha akaniuliza kitu kingine. Watu wamekuwa wakipita na kupima. Vibanda vimeongezeka, wenye fedha kutoka Tabora na Singida wanauliza bei ya heka. Je, siku Tura ikiitwa mji? Nikamweleza ninavyoelewa: eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, ardhi ya kijiji inahamia kwenye ardhi ya jumla, vinapimwa viwanja, na watu wanamilikishwa upya. Kwa muda.

"Kwa hiyo na mimi nitapewa tarehe."

"Ndiyo, baba."

"Lami ndiyo inayoleta tarehe," akasema, akaenda kuangalia mizinga yake.

Niliporudi mjini tukaanza kazi ya shangazi. Muda mpya unaombwa, na ni vizuri uombwe kabla ule wa kwanza haujaisha. Kinachoangaliwa ni kama mwenye hati ametimiza masharti yake: kodi ya pango la ardhi imelipwa, kiwanja kimeendelezwa, matumizi hayajageuzwa. Risiti za pango tulizipata karibu zote, nyingine zimeliwa na mende pembeni. Miaka mitatu haipo. Shangazi anaapa alilipa, lakini kiapo hakina namba ya risiti, kwa hiyo tukalipa.

Nikafikiri tumemaliza. Ndipo kijana wa dirishani, mpole tu, alipogeuza hati na kuuliza, "Huyu mwenye jina ndiye wewe, mama?"

Siye. Hati ina jina la marehemu mume wake, jina moja. Amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na mirathi haijafunguliwa. Hakuna aliyeona haja. Mama yuko nyumbani kwake, watoto wamekua, nani afungue kesi? Sasa, kwa macho ya karatasi, anayetakiwa kuomba muda mpya ni mtu aliyelala makaburini, na shangazi, aliyebeba maji ya kufyatulia yale matofali, ni mkaaji tu. Itabidi kikao cha ukoo wa mume kikae, kiandike muhtasari, kimpendekeze msimamizi wa mirathi, twende mahakamani, tangazo libandikwe, msimamizi athibitishwe, jina libadilishwe, halafu ndipo tuombe miaka. Na katika ukoo huo wa mume kuna shemeji zake wawili ambao kwa miaka kumi na mmoja hawajafika kumsalimia, na ambao sasa wamepata habari kwamba kuna kikao.

Jioni ile tulikaa uani. Nilimsimulia habari za Karunde, jinsi ndoa moja ilivyompa mtu wa pwani mahali pa kukaa Unyanyembe bila kuulizwa. Akasikiliza huku akichambua mchicha. Akasema, "Basi wa zamani walikuwa na akili. Mimi ndoa ninayo, na cheti kipo kwenye sanduku. Kesho twende nacho."

Kikao cha ukoo kimepangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimeshaomba ruhusa kazini. Shangazi ameniagiza niende na kalamu mbili, na nisikae karibu na shemeji mkubwa.